Feza ya Akili ya Mashini: Tuchague Gani, Tuache Gani?



Tangu wiki tatu, usiku kisha taa kuzimwa, watu wa internati hawasemi tena mambo ya mpira. Wanasema juu ya akili ya mashini, ile ambayo wengi wanaiita IA kwa Kifaransa. Wengine walifika karibu ya kupigana. Sisi wa kalasi ya sita tuliombwa kukusanya mawazo ya wanafunzi wote, na tumeona vema kuandika kwanza mawazo yetu wenyewe, wazi, kusudi kila mtu ayasome na kuyapinga kama anataka. Ukurasa wa barua uko pale kwa kazi hiyo.

Habari yenyewe inajulikana, lakini tuirudilie kwa wale waliokuwa wagonjwa siku ya mkutano. Wanafunzi wa zamani wa shule yetu, wale wanaofanya kazi mjini na inje ya inchi, wamekusanya dola 3,000. Wanataka feza hiyo itumike kwa mradi wa akili ya mashini hapa shuleni, na wanatuuliza: munataka upi? Miradi mitatu imeletwa. Wa kwanza ni chumba cha ordinatere sita, pamoja na programu ya kufundisha ambayo inajibu maswali ya mwanafunzi kwa Kifaransa na kusahihisha hesabu zake. Wa pili ni kurekodi sauti za watu wanaosema Swahili yetu ya huku, kusudi mashini zijifunze kuisikia. Wa tatu ni kununua telefone na kutia ndani programu ya kutambua magonjwa ya mihogo, kwa ajili ya shamba la shule na kwa wazazi wa karibu.

Kwa wadogo wetu wa kalasi ya kwanza ambao bado wanauliza: akili ya mashini si mtu aliyejificha ndani ya telefone. Ni programu iliyoonyeshwa mifano mingi sana, maandishi, picha ao sauti, mpaka inaweza kukisia jibu la jambo ambalo haikuonyeshwa. Mara nyingi inakisia vizuri. Mara zingine inakosa, na inakosa bila haya.

Basi, katika mkutano, kila mtu aliyesimama aliuliza swali lilelile: "Hii proje iko muzuri ao haiko muzuri?" Jibu likawa: iko muzuri. Makofi. Mradi wa pili, uko muzuri, makofi. Wa tatu, vilevile. Tukatoka inje tukiwa na makofi matatu na feza ya kutosha mradi mmoja.

Sisi tunaona kwamba swali lile lilitupoteza. Mradi mubaya kabisa ni vyepesi kuukataa. Hata mtoto wa primere anaweza. Kazi ngumu ni kuchagua kati ya vitu vizuri wakati feza haitoshi vyote. Wale wanaosoma biashara wanajua neno lake, walilinakili katika daftari mwaka jana: coût d'opportunité. Maana yake, bei ya kweli ya kitu ni kile kizuri kuliko vyote ambacho umekiacha ili kukipata. Uko na franka 500 saa ya mapumziko. Ukinunua mikate, bei ya mikate haiko franka 500. Bei yake ni biki ambayo hukununua, na saa nne katika enterogasio utaikumbuka vizuri sana.

Mfaransa mmoja, Frédéric Bastiat, aliandika juu ya jambo hili katika mwaka 1850. Alitoa mfano wa mtoto anayevunja kioo cha dirisha. Baba yake analipa fundi wa vioo franka sita, na watu wanasema: si kitu, fundi amepata kazi. Kazi ya fundi, kila mtu anaiona. Lakini zile franka sita zingenunua viatu vipya, ao kitabu kimoja, na kitabu hicho hakuna mtu anakiona, kwa sababu hakikupata kuwa pale. Tunapenda sana kwamba Bwana Bastiat alitaja kitabu. Tutaeleza sababu.

Wafinalisti na walimu wa zamani wanakumbuka ordinatere saba zilizokuja kama zawadi, wakati sisi tulikuwa kalasi ya kwanza. Tulizipokea kwa nyimbo. Zilikuwa zawadi, hazikulipwa hata franka moja, kwa hiyo kila mtu alisema zimekuja bure. Lakini zilihitaji chumba chenye kufuli na madirisha ya chuma, na chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, ndicho biblioteke. Vitabu vikahamishwa katika depo, nyuma ya mifuko ya saruji. Ordinatere zilifanya kazi karibu miezi mitano. Kisha umeme ulianza kuja mara mbili kwa wiki, ao mara moja, na batri zikafa. Leo ziko chini ya kitambaa. Ukiuliza hasara ilikuwa nini, watu wanakuambia: hakuna hasara, zilikuwa za bure. Enda basi katika depo utazame vile mchwa walifanya kwa vitabu vya historia na kwa atlasi. Ile njo bei. Ililipwa, lakini hakuna mtu aliyeiandika katika kitabu cha hesabu.

Hatusemi hivi kwa kulaumu wale waliotupatia. Walitoa kwa moyo. Tunasema tu kwamba hata kitu cha bure kinakula chumba, kinakula saa za mwalimu, kinakula umeme, na vile vyote vilikuwa na kazi ingine.

Musifikiri kwamba kosa hili ni la maskini tu. Katika mji wa Houston, Marekani, kuko hospitali kubwa ya kansa, M.D. Anderson. Mwaka 2012 walianza mradi pamoja na kampuni ya IBM: mashini yenye jina Watson ingesaidia waganga kuchagua dawa za kutibu kansa. Ilionekana katika magazeti yote. Kisha miaka mine hivi mradi ulisimamishwa, na wakaguzi wa chuo kikuu cha Texas waliandika kwamba dola zaidi ya milioni 62 zilikuwa zimekwisha kutumika. Mashini ile haikufikia kutumiwa kwa mgonjwa. Sasa, mtu anaweza kusema ni kawaida, anayejaribu anaweza kukosa. Kweli. Lakini ukiandika "dola milioni 62" peke yake, ni tarakimu tu, haisumbui mtu. Tugeuze basi tarakimu hiyo kuwa kitu kingine. Kipimo cha kifua kikuu kinachoitwa GeneXpert kilishuka bei mwezi wa Septemba 2023, toka dola 9.98 mpaka dola 7.97 kwa mtu mmoja, kwa inchi kama yetu. Kwa bei hiyo, milioni 62 ni vipimo zaidi ya milioni saba na nusu. Hakika feza ya hospitali ya Houston haingekuja huku kupima watu wetu, tunajua. Lakini hata pale kwao ilikuwa na kazi zingine ilizoziacha, na wagonjwa wa pale ni watu sawa na sisi.

Kuna wengine kati yetu ambao wakisikia mfano huu wanapiga mkono juu ya meza: "Mumeona? IA ni kula feza tu! Tununue chaki!" Hapana, wandugu, ngojeni kwanza. Hesabu ileile inaweza kusema kinyume.

Tubaki na kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilikubali kwamba programu ya akili ya mashini inaweza kusoma picha za mapafu za watu wenye miaka 15 na zaidi, pahali pa mganga mwenye ujuzi wa picha hizo. Na waganga wa namna hiyo, wahesabuni katika provensi yetu, vidole vya mkono vitabaki. Tuseme watu 100 wanakohoa. Kuwapima wote kwa GeneXpert ni dola 797. Tuseme programu inatazama picha zao na kusema 30 ndio wapimwe: ni dola 239. Vipimo 70 vinabaki, vinaenda kijiji kingine. Hapa akili ya mashini haikunyanganya kitu. Imefungua kitu kilichokuwa kimefungwa. Bila shaka lazima kuongeza bei ya mashini ya kupiga picha, ambayo haiko rahisi hata kidogo, na kuhesabu pia wagonjwa ambao programu ingewapita bila kuwaona. Lakini muelewe namna ya kufikiri: haitoshi kuuliza mashini inafanya nini. Tuulize kama inakula kazi ya kitu kingine ao inakipa nafasi.

Turudi sasa kwa dola zetu 3,000.

Chumba cha ordinatere kwanza, kwa sababu ndicho kilipata makofi mengi. Tuwe watu wa haki. Programu za kufundisha haziko mchezo. Mwaka 2024, katika mji wa Benin City, Nigeria, wanafunzi wa sekondari walisoma nayo wiki sita, kisha masomo ya kawaida, walimu wakiwa pamoja nao katika chumba, na Banki ya Dunia iliandika kwamba waliendelea vizuri sana katika Kiingereza kuliko wenzao. Sisi wafinalisti tungeipenda kweli. Egzame deta iko mbele yetu, na kuko maswali ya hesabu ambayo tungeuliza ile mashini saa nne za usiku bila kuona haya. Kwa hiyo mujue kwamba tunayosema yanatuumiza sisi wa kwanza.

Lakini mama ekonoma alitufanyia hesabu: ordinatere sita za mtumba, pano za jua, batri, antena ya intaneti, kufuli. Dola 3,000 zinakwisha, na kila mwezi intaneti inadai tena. Kule Nigeria vyumba vya ordinatere vilikuwa tayari. Hapa tungeanza na msingi, na sehemu kubwa ya feza ingekuwa batri, si akili. Kisha kuko jambo lingine, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mwezi wa Januari 2025, huko Marekani, kampuni kadhaa zilitangaza kwamba zinataka kuweka mpaka dola miliari 500 katika majumba ya mashini hizi, mradi unaoitwa Stargate. Miliari, si milioni! Mashini zinazojibu kwa Kifaransa na kwa Kiingereza zitaendelea kuwa nzuri, na kuna zingine unazipata bure katika telefone, tukitoa ao tusitoe dola zetu. Tukiweka 3,000 pale, ni kama mtu anayechota maji kwa kikombe na kuyamwaga Tanganyika kusudi ziwa lijae.

Sauti, ni habari ingine. Tulikuwa bado primere wakati Ebola ilikuja, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu na Ituri. Tunakumbuka ndoo za maji yenye klore, na mabango. Mabango mengine yalikuwa kwa Kifaransa, mengine kwa Swahili ya pwani, yenye maneno ambayo tate zetu hawakuyafahamu. Watu wa shirika la Translators without Borders walichunguza jambo hilo wakati ule na kuona kwamba wengi walitaka kuambiwa kwa Swahili ya hapa ao kwa lugha ya kwao, kwa maneno ya kueleweka. Neno lisiloeleweka wakati wa ugonjwa, linaua.

Mashini nazo ziko sawa na mabango yale. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza dola milioni 3.4, zilizotoka kwa Gates Foundation, kwa Wadachi wa GIZ na kwa serikali ya Uingereza, ili kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wa Common Voice. Ni vizuri, tunawashukuru. Munajua namna inavyofanyika? Mtu anasoma sentensi fupi mbele ya telefone. Watu wengine wanaisikiliza na kusema kama imesomwa sawa. Kisha sauti zinatolewa bure kwa kila mtu duniani anayetaka kufundisha mashini. Lakini mwenzetu mmoja alijaribu kusema na telefone ya mjomba wake, aliiambia: "Leo niko na homa tangu asubui, miguu inaniluma yote." Mashini iliandika vitu ambavyo vilitufanya tucheke siku mbili. Haikuzoea "niko na", haikuzoea "inaluma". Imesikia sana watu wa Nairobi na Dar es Salaam, haijatusikia sisi. Na nani atakuja kurekodi shangazi zetu sokoni, kama si sisi?

(Kwa njia, mtu mmoja alileta wazo la nne, mradi wa kutafsiri maandishi toka Kifaransa mpaka Lingala na Tshiluba. Meta ilitoa mwaka 2022 programu ya lugha 200, na lugha hizo ziko ndani pamoja na Swahili. Wazo zuri, lakini wengine wamekwisha tangulia.)

Hapo pia tuhesabu bei, tusidanganyane. Telefone nne, mega za kutuma sauti, karatasi: mama ekonoma anasema dola 900. Lakini bei kubwa haiko pale. Wanafunzi 40, saa moja kila mmoja, mara kumi: ni saa 400. Saa 400 za wanafunzi! Mwalimu wetu wa kemia alisema neno katika mkutano ambalo watu hawakulisikia kwa sababu ya makelele: "Hizo saa munazitoa wapi?" Ndiyo swali. Tukizitoa katika etude ya jioni, watu watalipa kwa pointi zao. Kwa hiyo tunapendekeza zitoke katika salongo ya siku ya posho. Tukifanya hivyo, kile tunachoacha ni majani kukatwa, na majani yanajua kungoja. Na wafinalisti wasihesabiwe katika wale 40. Kalasi ya tatu na ya ine njo yao, wako na sauti na wanapenda kusema, walimu wanalijua hilo.

Mihogo tutaipita haraka, kwa sababu hapa hesabu iko wazi. Programu inaitwa Nuru. Ilitengenezwa na watu wa PlantVillage, wa chuo kikuu cha Penn State, pamoja na IITA. Inasema Swahili, na inatambua ugonjwa wa jani bila intaneti. Watafiti waliipima: kwa jani moja ilipata asilimia 65 hivi, na ukiionyesha majani sita ya mti mmoja, inapanda kati ya 74 na 88. Tazameni: kuongeza kule hakukuomba hata dola moja, kuliomba uvumilivu wa kuchuma majani matano zaidi. Programu ni ya bure. Wengine walitaka kununua telefone kumi kwa ajili yake. Za nini? Shamba la shule haliwezi kukimbia. Telefone mbili, dola 200, na mwalimu wa biolojia azitunze. Ile ya tatu ingefanya kazi kidogo, ile ya kumi ingekuwa ya kusikiliza muziki.

Sauti na mihogo pamoja ni dola 1,100. Zinabaki 1,900.

Na hapa tunafika kwa jambo ambalo watu wengi wanaogopa kulisema. Feza hii imekuja na jina lake: akili ya mashini. Mwenzetu mmoja wa kalasi ya tano alituambia katika lango la refektwari: "Kapita, mutu akikupatia mbuzi, hauwezi kumuambia ulitaka kondoo. Atarudi na mbuzi yake." Tumefikiri sana juu ya neno hilo, kwa maana lina hekima. Inawezekana kweli, tukiomba, wakubwa wetu watakasirika. Lakini tunaona kwamba wao wenyewe hawakupata nafasi ya kulinganisha. Mtu anayekaa mbali anasikia IA asubui na jioni, anaogopa wadogo zake wasibaki nyuma, anatoa. Hakuna mtu aliyemuambia kwamba katika kalasi ya ine kitabu kimoja cha hesabu kinasomwa na wanafunzi sita, na kwamba kukileta mpaka hapa ni dola 10. Kwa 1,900 ni vitabu 190. Akijua hivyo na bado anataka ordinatere, ni haki yake, feza ni yake. Lakini kumuficha habari hiyo kwa sababu tunaogopa, hapo sisi njo tungekuwa tumemdanganya.

Wengine watasema: mashini moja inaweza kuwa na vitabu 190 ndani yake, hata 1,900. Kweli, siku yenye umeme. Kitabu kinasomwa na taa ya mafuta.

Kwa hiyo sisi wa kalasi ya sita, tulipopiga kura kati yetu, wengi walikubali hivi: sauti, na mihogo kidogo, na barua kwa wanafunzi wa zamani ya kuwaomba, kwa heshima, kama zile 1,900 zinaweza kununua vitabu vya hesabu. Kama watakataa, basi tunaomba zingoje. Kungoja nako kuna bei, tunajua, maana bei za vitu zinapanda na feza iliyolala inavuta macho. Lakini mwaka kesho ordinatere na pano za jua zinaweza kushuka bei, na kalasi ya tano itakuwa imeona kama mradi wa sauti unaenda ao umekufa mwezi wa pili. Watachagua wakiwa na macho. Wenzetu saba walikataa, wanataka chumba. Wameandika sababu zao, na tumeomba zitiwe katika namba ijayo bila kukatwa hata neno moja, hata pale ambapo wanatuita wazee.

Jambo moja tunalisisitiza, lolote litakalochaguliwa. Katika daftari ya mradi, pamoja na safu ya "tulinunua nini" na safu ya "bei", tutie safu ya tatu: "tuliacha nini". Mtu aandike pale, kwa biki, jina la kile kilichoachwa na pahali kilipoachwa. Kama ingekuwa hivyo wakati wa ordinatere saba, mtu angeandika: "biblioteke, katika depo, nyuma ya saruji", na labda kisha miezi mitano mtu mwingine angelisoma na kuvirudisha vitabu kabla ya mchwa.

Baba Prefe amekubali kwamba barua itumwe kisha mawazo ya kalasi zote kusomwa. Kila kapita wa kalasi alete karatasi yake siku ya Ijumaa, kisha masomo, kwa ofisi ya diriksiyo, na idadi ya kura za pande zote, hata kama upande mmoja ni mtu mmoja. Wale wa tatu na wa ine wanaotaka kusoma kwa sauti mbele ya telefone watie majina kwa mwalimu wa Kifaransa. Na tunatafuta watu watano wa kujitolea kufungua depo siku ya posho asubui, kabla ya salongo, kuona ni vitabu gani bado vinaweza kupona. Mulete vitambaa vya kufunga pua, kuko vumbi mingi.

Kapita wa shule, kwa jina la wanafunzi wa kalasi ya sita